Nyota Isiyo na Jina

Ndugu msikilizaji, mazungumzo ya juma hili yameletwa na kitu kidogo kilichofungwa kwenye pindo la kitenge. Aliyekileta ni bibi mmoja wa hapa Kasulu ambaye umri wake umekwisha kupita miaka 80. Alifika kituoni alfajiri, kabla mlinzi wa usiku hajamaliza zamu, akatusalimia kwa kupiga makofi taratibu kama ilivyo desturi yetu Waha, akakaa kwenye benchi na kufungua fundo. Ndani yake mlikuwa na nyota ya madini yenye pembe sita, rangi ya manjano iliyofifia. Utepe wake ulikwisha oza zamani, pamebaki kipete cha kuning'inizia tu.

"Majuma mawili yaliyopita ulisema redioni habari za askari wa keya," aliniambia. "Hii ni ya baba yangu. Alifia Bama. Nataka unitafutie jina lake, mwanangu, maana watoto wa baba mdogo walioko Kibondo wanasema mimi ni mwongo."

Kisa chenyewe ni hiki. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndugu wawili wa tumbo moja waliondoka nyumbani. Mdogo alichukuliwa jeshini, akaenda vitani, akarudi salama, akahamia Kibondo na kuzaa huko. Mkubwa, yaani baba wa bibi huyu, hakurudi. Bibi alilelewa akiambiwa kuwa baba yake naye alikwenda vitani na akafa huko, na nyota hii ndiyo ushahidi. Lakini ule upande wa Kibondo wanasema nyota ni ya babu yao, na kwamba mkubwa hakuwa askari hata siku moja. Wanasema alikwenda kukata mkonge akapotelea huko, akasahau mke na mtoto. Ndugu msikilizaji, wewe unayeishi Buha unajua uzito wa maneno hayo. Kuwa mtoto wa mtu aliyefia vitani ni jambo moja, na kuwa mtoto wa mtu aliyepotelea mkongeni ni jambo jingine kabisa.

Niliichukua ile nyota nikaigeuza. Mbele yake mna duara, na katikati ya duara pamefumwa herufi za jina la Mfalme George wa Sita chini ya taji. Kuzunguka duara kuna maneno ya Kiingereza yasemayo kwamba hii ni Nyota ya Burma. Nyuma ni patupu. Hapana jina, hapana namba, hapana kikosi.

Nilikuwa najua sababu yake, na sikupenda kuwa mtu wa kumwambia.

Vita ile ilipokwisha, serikali ya Uingereza ilitengeneza nishani nane zenye umbo la nyota, karibu kila moja kwa uwanja wake wa vita, pamoja na medali mbili za mviringo. Askari wetu wa Tanganyika aliyefika Burma kwa kawaida alistahili Nyota ya Burma, nyota ya miaka ya 1939 hadi 1945, na medali ya vita yenye picha ya simba aliyemkanyaga joka la vichwa viwili. Wengi walistahili pia medali ya ulinzi. Aliyepigana Habeshi mwaka 1941 alipewa Nyota ya Afrika, ambayo utepe wake una rangi ya mchanga wa jangwa. Ukijua kuzisoma, nishani hizi zinakueleza mtu alifika wapi. Lakini zilikuwa nyingi mno, na Uingereza ilitoka vitani ikiwa na madeni, basi ikaamuliwa kwamba majina yasichongwe. Afrika Kusini na Australia waliwachongea askari wao majina kwa gharama zao. Mwingereza wa kawaida, yule kijana aliyetoka kiwandani au shambani kwao, alipata nishani tupu kama huyu wetu, tena akatakiwa aziombe mwenyewe kwa kujaza fomu. Katika hili moja, Tomi na askari wa keya walikuwa sawa.

Katika mengine hawakuwa sawa, na nitayafikia.

Kwanza niseme ilivyokuwa kuipata nyota ile. Keya, kwa wale vijana wasiojua, ni jeshi la Kiafrika la Mfalme, lililoundwa mwaka 1902 kwa kuunganisha vikosi vya makoloni ya Waingereza huku Afrika ya Mashariki na Nyasa. Wazee wetu walizikamata herufi zake tatu za Kiingereza wakazifanya jina. Batalioni ya 6 ilikuwa ya Tanganyika, na vita ilipopanuka zikazaliwa nyingine, kama vile ya 26 na ya 36. Kwa jumla Tanganyika ilitoa askari zaidi ya 80,000. Wengine walijiandikisha kwa hiari, maana mshahara wa jeshi haukuwa mbaya ukilinganisha na kazi za shamba. Wengine walipelekwa. Bomani kulitolewa idadi ya watu wanaotakiwa, watemi na wanyapara wakazitafuta hizo shingo, daktari akawapima, wenye kifua kibovu wakarudishwa nyumbani. Waliobaki walishuka kwa miguu kutoka Heru, Muhambwe na Buyungu hadi Kigoma kulikokuwa na treni.

Yule aliyezoea kutembea pekupeku alivishwa buti kwa mara ya kwanza. Kabla ya vita hiyo askari wa keya alipiga gwaride bila viatu, akijivunia ugumu wa nyayo zake. Alijifunza Kiswahili cha keya, ambacho mwalimu wa leo angekifuta chote kwa kalamu nyekundu, lakini kilimwezesha Mha kuelewana na Myao na Mkamba, na wote watatu kuelewana na afisa wa Kizungu. Wengi walifundishwa kusoma na kuandika, wengine udereva, wengine kazi ya simu ya upepo. Sehemu ya mshahara iliweza kukatwa na kulipwa bomani kwa mke au mzazi aliyeachwa nyumbani.

Mwaka 1942 batalioni ya 6 ilivuka bahari kwenda Bukini, ambayo leo tunaiita Madagaska. Kisha likaundwa Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki, alama yake kichwa cha kifaru, ikapelekwa Ceylon, yaani Sri Lanka ya sasa, kujifunza vita vya msituni. Njia ya bahari yenyewe ilikuwa vita. Februari 12, 1944, meli Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kwenda Colombo ilipigwa na manowari ya Kijapani karibu na visiwa vya Maldives, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa askari wa mizinga wa Afrika ya Mashariki.

Katikati ya mwaka huo divisheni iliingia Burma kufuata Wajapani waliokuwa wakirudi nyuma kutoka mpaka wa Uhindi. Ilipewa bonde la Kabaw, na ikapewa wakati wa mvua. Mzee mmoja wa Kibondo, ambaye nilimsikia akisimulia nilipokuwa kijana, alisema mvua ya Buha ni umande ukiilinganisha na ile. Magari yalizama kwenye tope mpaka taa. Ruba waliingia kwenye buti kupitia matundu ya kamba. Kila siku walimeza vidonge vya mepakrini vya kuzuia malaria, vikawageuza Wazungu rangi ya ndizi mbivu. Chakula na risasi viliangushwa kutoka angani kwa miavuli, na mvua ilipozidi, ndege hazikuonekana, wakala biskuti zilizobaki. Homa na kuhara viliangusha watu hata pale Mjapani alipokuwa kimya. Novemba 1944 waliingia Kalemyo, na mapema Desemba wakafika Kalewa penye mto Chindwin, wakavuka. Nyuma yao likajengwa daraja la chuma lenye urefu wa zaidi ya futi 1,100, na jeshi zima likapita juu yake kuelekea kusini.

Hiyo ndiyo Bama aliyoitaja bibi. Afadhali ijulikane, maana katika nchi jirani aliwahi kutokea rais aliyejigamba kwamba alipigana Burma na kujaza nishani kifuani mpaka koti likaning'inia, ilhali alijiunga na keya mwaka 1946, vita imekwisha. Idi Amin alikuwa na nishani nyingi kuliko vita. Wazee wetu walikuwa na vita vingi kuliko nishani.

Sasa turudi kwenye jina. Waliofia Burma bila kuwa na kaburi linalojulikana wamechongwa majina kwenye nguzo za mawe huko Taukkyan, nje ya mji wa Yangon ambao zamani uliitwa Rangoon. Majina yale ni karibu 27,000, na ya Waafrika wa Mashariki yamo, pamoja na namba zao na vikosi vyao. Orodha hiyo siku hizi imo kwenye intaneti, mtu yeyote anaweza kuifungua. Nilimwambia bibi anitajie jina la baba yake, la kuzaliwa na lile ambalo huenda alilitumia kwa Wazungu. Nikatafuta. Nikaliandika kwa namna zote ambazo karani asiyejua Kiha angeweza kulisikia, kwa r na kwa l, kwa ny na kwa n tupu, jina la baba mbele na jina la baba nyuma. Nilitumia jioni tatu. Sikulipata.

Angalieni basi mambo yalivyogeuka. Aliyekufa Burma jina lake liko kwenye jiwe, na anayebaki na nyota mkononi hana jina popote. Na tukienda nyuma, kwenye vita ya kwanza, mambo yalikuwa kinyume chake.

Medali za vita ya kwanza zilichongwa majina ukingoni, namba, cheo, jina na kikosi, hata za askari wa kawaida. Ya fedha ilikuwa na sura ya Mfalme George wa Tano. Nyingine, ya ushindi, iliandikwa kwamba vita hiyo ilipiganwa kwa ajili ya ustaarabu. Sisi Buha tuliuona ustaarabu huo kutoka pande mbili. Mwaka 1916 majeshi ya Wabelgiji kutoka Kongo yaliingia Kigoma mwezi Julai, na Septemba 19 yakaitwaa Tabora. Wajerumani waliizamisha wenyewe meli yao Graf von Götzen ili isitekwe. Ndiyo Liemba tunayoijua. Wabelgiji walibaki wakitutawala hadi mwaka 1921 walipowakabidhi Waingereza. Katika yote hayo mzigo ulibebwa kichwani. Upande wa Waingereza peke yake watu karibu milioni 1 walitumikishwa kuwa wapagazi katika Afrika ya Mashariki, na kwa hesabu za maofisa wenyewe si chini ya 95,000 walikufa, wengi kwa njaa na magonjwa. Hao hawakuchongwa kwenye jiwe.

Dar es Salaam kuna sanamu ya Askari, iliyozinduliwa mwaka 1927. Chini yake kuna maandishi ya Kiingereza na Kiswahili, kwa herufi za kizungu na za Kiarabu, maneno yake yakiwa yametungwa na Rudyard Kipling. Yanawaahidi waliokufa, pamoja na wapagazi, kwamba watoto wao watayakumbuka majina yao. Nimesimama pale mara nyingi nikisubiri daladala. Jina hata moja halipo. Aprili 2021 tume ya Uingereza inayotunza makaburi ya vita ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, wengi wao wa Afrika ya Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina, na pengine hawakukumbukwa kwa namna yoyote. Waziri wa ulinzi wa nchi hiyo aliomba radhi bungeni. Ilikuwa miaka zaidi ya 100 imepita.

Husimuliwa pia kwamba mwaka 1964, Ujerumani ya Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wake wa zamani waliokuwa bado hai huku kwetu, wengi hawakuwa na karatasi yoyote. Wakapewa fagio, wakaamrishwa kwa Kijerumani washike silaha, wageuke, watoe heshima. Walioweza wakalipwa. Kama kisa hiki ni cha kweli chote au kimetiwa chumvi, kinaeleweka kwa kila mzee aliyewahi kuombwa cheti ambacho hakupewa.

Na malipo ya keya baada ya vita ya pili? Hapo ndipo Tomi na askari wetu walipoachana. Nyaraka zilizotangazwa mwaka 2019 zilionyesha kuwa bahasha ya kuagwa jeshini ilipimwa kwa rangi, Mzungu akipata hadi mara tatu ya Mwafrika wa cheo kile kile. Katika batalioni hiyo hiyo ya Tanganyika alikuwapo sajini Mzungu wa Kenya, Nigel Leakey, ambaye Mei 1941 huko Habeshi aliruka juu ya kifaru cha Waitaliani na kuuawa. Alipewa Msalaba wa Victoria, na alistahili. Msalaba ule huchongwa jina la mwenyewe. Waliokuwa naye siku ile, Wayao na Wanyamwezi na pengine Waha, walipata nyota tupu.

Wapo waliorudi wakaandikwa kwa njia nyingine. Abdulwahid Sykes na mdogo wake Ally walikuwa Burma, na Julai 7, 1954 walikuwa miongoni mwa waasisi wa TANU, kadi ya Ally namba 2 na ya Abdulwahid namba 3. Lakini hao walirudi Dar es Salaam. Aliyerudi Kasulu alirudi kwenye jembe, koti lake la jeshi likamalizikia shambani, na nyota ikachezewa na watoto. Wengine waliipeleka kwa sonara wakidhani ni dhahabu, wakaambiwa ni shaba na zinki.

Nimebakiwa na ndugu mkubwa. Wajapani walipoziteka Ufilipino na Java mwaka 1942, katani ya huko ikakatika, na ghafla mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Kamba za meli, magunia, nyavu za kufichia mizinga, vyote vilitaka katani. Watu wakatafutwa, wengine kwa mkataba, wengine kwa kushurutishwa, na ghala la watu lilikuwa hapa kwetu. Mwaka 1944 wenye mashamba waliunda shirika lao la kuajiri, SILABU, na magari yake yalijulikana sana Kasulu na Kibondo hadi baada ya Uhuru. Manamba alipanda treni ile ile ya Kigoma aliyopanda askari, kwa sababu ile ile, mara nyingine juma lile lile. Akishuka kwenye reli ya kati alisafirishwa tena, maana reli ya Tanga haikuwa imeunganishwa nayo bado. Alipewa kipande chenye nafasi za siku 30 za kazi, na namba. Jina lenyewe la manamba limetoka hapo. Aliyefia kambini kwa homa alizikwa pembeni ya shamba, na kama hakuwa na mtu wa kwao karibu, habari ziliishia hapo hapo.

Baada ya jioni zile tatu nilimwita bibi. Nilimwambia nilichokiona na nisichokiona. Kwamba nyota ni ya kweli na ni ya mtu aliyefika Burma. Kwamba jina la baba yake sikulikuta kwenye orodha, ingawa karani aliweza kulikosea kwa namna nisiyoifikiria. Kwamba waliofia vitani nishani zao ziliweza kupelekwa kwa warithi, lakini na waliorudi hai walikuwa nazo pia. Na kwamba baba yake mdogo, kwa maneno ya pande zote mbili, alikuwa keya.

Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema jambo ambalo hakuwa amelitaja siku ya kwanza. Alisema anakumbuka, akiwa mtoto mdogo, baba mdogo alipokuja kuaga kabla ya kuhamia Kibondo. Aliingia nyumbani kwa mama yake, wakazungumza, mama akalia. Alipoondoka, ile nyota ilikuwa kwenye kibuyu cha chumvi. Kabla ya siku ile hakuwahi kuiona.

"Mama aliniambia, hii ni ya baba yako," alisema. "Hakuniambia ameivaa."

Akaniuliza kama wa mkonge nao wana jiwe lililoandikwa majina, huko Tanga au kokote. Nikamjibu kuwa silijui. Akauliza kama nyuma ya nyota, pale palipo patupu, fundi wa saa wa sokoni anaweza kuchonga. Nikasema anaweza, madini yenyewe ni laini. Akataka kujua fundi atatoza kiasi gani kwa majina mawili.